Kipindupindu Hakianzii Tumboni

Kila panapozuka kipindupindu katika miji yetu ya pwani, husikika nasaha zile zile zilizosikika katika mlipuko uliopita: watu waoshe mikono, wachemshe maji, wafunike chakula, wasile barabarani, na wasichelewe kuwafikisha wagonjwa kwa tabibu. Sina ugomvi na nasaha hizo, na mimi mwenyewe nimezitoa mara nyingi kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea. Lakini madhumuni ya safu ya leo ni kudai jambo ambalo wengi wetu tunaoshughulika na afya ya jamii hulisema faraghani na aghalabu hulinyamazia hadharani, nalo ni kwamba kipindupindu si maradhi ya watu wasiojua usafi, bali ni tokeo la maamuzi yaliyopitishwa katika ofisi ambazo vibao vyake havina neno afya: ofisi ya viwanja, ofisi ya umeme, ofisi ya maji, na kila mahali panapokadiriwa ijara ya kibarua na kodi ya nyumba. Hospitali ni pale ambapo hesabu ya maamuzi hayo hufikia tamati, na tabibu hukabidhiwa jumla asiyoijumlisha yeye. Mfano nitakaoutumia ni mji wa Zanzibar, si kwa sababu una aibu kuliko miji mingine, bali kwa sababu ndani yake mambo yote haya yamo katika eneo dogo ambalo mtu huweza kulizunguka kwa miguu kati ya adhuhuri na magharibi.

Maumbile ya maradhi yenyewe nitayapitia kwa ufupi, maana ndiyo sehemu inayojulikana zaidi. Kijidudu cha kipindupindu huingia kwa mdomo pamoja na maji au chakula, na vingi katika vijidudu hivyo hufa kwa ukali wa asidi ya tumbo. Vinavyosalimika huteremka hadi utumbo mwembamba, vikajishikiza humo na kutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili badala ya kuzifyonza. Mgonjwa aliyeshikwa sawasawa huweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, macho yakatumbukia, sauti ikakauka, naye akafariki siku ile ile aliyoanza kuumwa. Wasipotibiwa, hata nusu ya wagonjwa mahututi huweza kufa. Wakitibiwa mapema, hafi hata mmoja katika mia. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, tabibu Dilip Mahalanabis alipoishiwa na maji ya kutundikia mishipani aliwanywesha wagonjwa maji yaliyochanganywa chumvi na sukari, na vifo vikateremka kutoka takriban 30 katika kila 100 hadi chini ya 4. Hiyo ni rehema kubwa, lakini rehema hiyo imetughilibu, kwani tulipojua kuzuia kifo tulijidhania tumejua kuzuia maradhi. Ukweli ni kwamba wengi wa walioambukizwa hawaumwi hata kidogo, au huharisha kidogo tu wakaendelea na shughuli zao, ilhali choo chao hubeba vijidudu kwa muda wa siku moja hadi kumi. Basi wodi, hata ikiwa na vitanda vya kutosha na wauguzi hodari, haiwezi kuwaona watu hao wala kuwazuia. Suala linalobaki ni choo chao kinakwenda wapi, na jirani zao hunywa maji yatokayo wapi.

Kulijibu suala hilo inatubidi tuanze na ardhi. Mji wa Zanzibar una pande mbili ambazo zamani zilitengwa na hori la maji ya bahari: magharibi ni Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, na mashariki ni Ng'ambo, walikojenga watumwa na walioachwa huru, wavuvi, wachukuzi na mafundi, nyumba zao zikiwa za udongo na makuti juu ya ardhi ambayo mara nyingi haikuwa yao, hata mwaka 1928 wakaazi wakagoma kulipa kodi ya ardhi hiyo. Hori lenyewe limekwisha fukiwa, nalo sasa ni barabara na viwanja. Lakini mpaka ule wa mwenye nacho na asiye nacho haukufukiwa, ulihama tu ukaelekea mashariki na kaskazini kila mji ulipokua. Na mji umekua kwa kasi ambayo mipango haikuwahi kuifikia: hesabu ya watu ya mwaka 1978 iliikuta Zanzibar nzima ina watu 476,111, ile ya 2012 ikakuta 1,303,569, na ile ya 2022 ikakuta 1,889,773, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo imekaa mjini na pembezoni mwa mji. Watu hao walijenga wapi? Walijenga palipobaki. Waliokuwa na fedha walinunua miinuko, na wasiokuwa nazo wakanunua mabondeni, katika yaliyokuwa makonde ya mpunga na madimbwi ya msimu, kwa karatasi iliyotiwa saini mbele ya mashahidi wawili kabla mpimaji yeyote wa serikali hajapita na kamba yake. Chini ya mchanga wa mabonde hayo mna mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, ambayo maji huyapenya upesi bila ya kuchujwa, yakawa yametoka katika shimo moja leo na kufika katika shimo jingine baada ya siku chache.

Ingia katika ua mmoja wa kawaida wa vitongoji hivyo. Pembeni mwa ukuta wa jiko mna kisima ambacho mdomo wake umeinuliwa kwa pipa lililokatwa chini, kimefunikwa kipande cha bati, na juu ya bati pamewekwa jiwe ili watoto wasilifunue. Kando yake umetundikwa mpira na kindoo kidogo kilichofungwa kamba, na kamba hiyo, baada ya kila mteko, hulala chini pale pale wanapopita kuku na miguu ya watu. Upande wa pili wa ua, nyuma ya bafu, mna karo iliyochimbwa na fundi yule yule aliyekichimba kisima, ambaye alilipwa kwa kila kimo alichoteremka na hakuulizwa juu ya jambo jingine. Waalimu wetu walitufundisha kwamba baina ya choo na kisima yafaa pawe na mita 30 kwa uchache. Kiwanja chenyewe hakifiki urefu huo kutoka ukuta hadi ukuta. Na hata mwenye ua huo angekuwa mtiifu wa kupindukia akajibana katika kona moja, jirani yake amechimba karo yake nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka kisimani, naye pia hakuwa na mahali pengine. Mwanamke wa nyumba hiyo husugua sufuria zake kwa mchanga na majivu hadi zikang'ara, na baraza lake hufagiliwa mara mbili kwa siku. Anayemhubiria usafi anampotezea wakati.

Atasema msomaji: mbona yapo maji ya bomba? Yapo, na hapa ndipo maradhi ya tumbo yanapokutana na waya wa umeme. Maji ya mji wa Zanzibar hutoka katika chemchemi za zamani za upande wa Bububu na katika visima virefu vinavyovutwa kwa mashine, na mashine hizo hutegemea umeme uletwao kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Waya huo ulipoharibika mwezi Mei 2008 kisiwa cha Unguja kilikaa gizani takriban mwezi mzima, na ulipoharibika tena Desemba 2009 kiza kilidumu hadi Machi 2010. Magazeti ya wakati ule yaliandika sana juu ya mahoteli, samaki waliooza na bei ya jenereta. Kilichoandikwa kwa uchache ni kwamba pampu zilisimama, na maelfu ya watu waliokuwa wameviacha visima vya uani wakavirudia. Waya mpya ulilazwa mwaka 2013 na hali imetengenea, lakini mgao wa maji haukwisha, na mgao una madhara ambayo asiyekuwa fundi hayaoni. Bomba lililojaa maji yenye msukumo husukuma nje kupitia kila ufa, na kwa hivyo uchafu uliolizunguka hauwezi kuingia. Bomba lililofungwa kwa siku mbili hupoteza msukumo huo, na maji machafu ya mtaro lilimopita huingia polepole katika nyufa zile zile, yakangoja. Siku ya mgao, ndoo ya kwanza inayojazwa kwa furaha kubwa kuliko zote ndiyo yenye hatari kuliko zote. Na kwa kuwa hakuna ajuaye maji yatarudi lini, kila nyumba huyahifadhi katika mapipa na madumu, ambamo hata dawa ya klorini iliyotiwa kule kituoni huisha nguvu, na mikono na makopo ya watoto huingia mchana kutwa.

Maji yakikosekana kabisa, hununuliwa kwa mchukuzi wa mkokoteni, na bei ya dumu moja hupanda kila siku inapokuwa kavu zaidi, ikawa fukara wa bondeni analipa kwa lita moja mara nyingi zaidi ya anavyolipa mwenye jumba la ghorofa aliyechimbiwa kisima kirefu na kuwekewa tangi juu ya paa. Hapo ndipo mama wa nyumba anapogawa. Maji ya kununua ni ya kunywa na kupikia. Ya kisimani ni ya kuoshea vyombo, kuogea watoto na kutawadhia. Na ya kuoshea mikono ni yale yatakayobaki. Mgao huo ni wa akili na wa insafu, na mwenyewe nisingeugawa vingine; ila kijidudu hakiheshimu mgao, kwani sahani iliyooshwa kwa maji ya kisimani ndiyo itakayopakuliwa wali uliopikwa kwa maji ya kununua, na mtoto anayeogeshwa huyameza maji akiwa analia.

Sasa ilete mvua juu ya hayo yote. Masika yanapoanguka, kati ya Machi na Mei, maji ya chini ya ardhi hupanda yakazifikia karo kutoka chini wakati ambapo mafuriko yanazifikia kutoka juu, na katika mabonde kama ya Mwanakwerekwe watu wameona mara nyingi ziwa likizaliwa usiku mmoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 juu ya milipuko ya Zanzibar ulionyesha kwamba ongezeko la mvua la milimita 200 hufuatiwa baada ya miezi miwili na ongezeko la wagonjwa la mara 1.6, na kwamba joto likizidi kwa nyuzi moja wagonjwa huongezeka maradufu baada ya miezi minne. Kwa mtu wa serikali takwimu hizo ni habari njema, kwa kuwa zinampa muhula wa kujiandaa ambao maradhi mengi hayautoi. Lakini wapo wanaozisoma wakahitimisha kwamba kipindupindu ni shauri la mbingu, na kwa kuwa tabianchi inabadilika basi hatuna la kufanya. Mvua hiyo hiyo huinyeshea mitaa ambayo vyoo vyake vimeunganishwa na mabomba ya taka, na hapazuki kitu. Mvua huchukua kilichopo juu ya ardhi na ndani yake; kilichopo ni shauri letu sisi. Kwa mfano huko Dar es Salaam lipo jambo linaloitwa kutapisha vyoo: mwenye nyumba ambaye shimo lake limejaa, naye hana fedha za kuliita gari la kunyonya, hungoja mvua kubwa ya usiku, akatoboa shimo lake upande wa mtaro na kuyaachia maji ya mvua kazi hiyo. Jirani zake hukasirika, kisha mwaka unaofuata nao hufanya vivyo hivyo. Katika kitendo hicho kimoja yamo hali ya hewa, bei ya gari, upana wa kichochoro na ukosefu wa mtaro uliofunikwa, nami sijui ni wizara ipi kati ya zile tulizonazo ambayo ingekubali kwamba kitendo hicho ni chake.

Kisha kuna riziki. Mlipuko unapozidi, amri hutoka ya kuwafungia mama lishe, wauza urojo, wauza juisi ya miwa na ya ukwaju. Ninaijua sababu ya amri hiyo, maana nimekaa nikamwangalia muuza juisi akiosha bilauri zake. Anayo ndoo moja ya maji, ameibeba tangu asubuhi kutoka mbali, na bilauri ya kwanza huoshwa vizuri, ya kumi huoshwa kiasi, na ya hamsini huchovywa tu kwa heshima ya mteja. Barafu aliyoinunua imegandishwa kwa maji ambayo yeye hakuyaona, na kugandishwa hakuviui vijidudu vyote. Haya yote ni kweli, na hatari ni ya kweli. Lakini amri ikishatoka, mwanamke huyo ambaye faida ya leo ndiyo chakula cha leo huhamia katika ua wa nyuma, akauza kwa kujificha, na kule nyuma hata ndoo yake moja ya maji haikaguliwi na mtu. Vibarua wa ujenzi na wachukuzi wa bandarini waliokuwa wakila kwake huendelea kula, kwa sababu hawana jiko mjini. Na yule mpishi aliyeanza kuharisha kidogo hatoi taarifa, maana taarifa ni siku kumi bila kipato na pengine jina baya mtaani. Kufungia watu bila ya kuwapa badala ni kuyaondoa maradhi machoni petu tu.

Kwamba njia za biashara ni njia za maradhi si elimu mpya katika pwani hii. James Christie, tabibu Mskoti aliyekuwa akiishi Unguja wakati kipindupindu kilipoufyeka mji mwaka 1869 na 1870, hakutosheka na kuhesabu maiti. Aliwauliza wafanyabiashara wa misafara, manahodha na wapagazi, akaifuata nyayo kwa nyayo safari ya maradhi kutoka kaskazini, kupitia nchi ya Wamaasai, hadi Pangani na kisha kwa majahazi hadi Unguja. Kitabu chake kilichotoka London mwaka 1876 kimejaa habari za njia, masoko, misimu ya pepo na makundi ya watu, mambo ambayo mtu asingetarajia kuyakuta katika kitabu cha tiba. Ni jambo la kushangaza kwamba tabibu wa karne ya kumi na tisa, ambaye alipoandika hakukijua kijidudu chenyewe, aliuelewa mzunguko wa maradhi kuliko baadhi ya ripoti zetu za leo zinazoishia mlango wa maabara. Na Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, naye aliyepata kuishi Bombay uhamishoni, alitumia mali nyingi kuyavuta maji ya chemchemi ya Chemchem mpaka mjini. Kama alifanya hivyo kwa ajili ya afya au kwa ajili ya fahari, si neno. Bomba halikuuliza nia.

Nimesema kwamba maradhi haya si ya watu wasiojua usafi, na kwa kuwa dhana hiyo ni sugu inanilazimu niitolee ushahidi wa mbali kidogo. Mwaka 1892 Hamburg na Altona ilikuwa miji miwili ya Ujerumani iliyogusana kiasi ambacho mgeni hakuweza kuujua mpaka wake, watu wake wakiwa wa lugha moja, kazi moja na desturi moja. Yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe, na tena Altona iliyateka chini zaidi, baada ya mto kupokea taka za Hamburg. Tofauti ilikuwa moja: Altona iliyachuja maji yake kwa mchanga, na Hamburg, ambayo wakuu wake walikuwa wafanyabiashara waliobishania gharama miaka nenda miaka rudi, haikuyachuja. Kipindupindu kilipokuja kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, na Altona kikapita kwa wepesi, hata ikawa katika barabara ya mpakani nyumba za upande mmoja zimepatwa na za upande wa pili zimesalimika. Wakuu hao hao walichelewa kuutangaza ugonjwa kwa kuogopa bandari isifungwe, jambo ambalo wenye miji ya utalii wanaweza kulitafakari kwa utulivu.

Dhana ya pili ni kwamba ugonjwa huletwa na wageni, hususan wavuvi wa dago na wafanyabiashara watokao Bara. Mlipuko mkubwa wa mwaka 2015 ulianza Dar es Salaam mwezi Agosti ukavuka hadi Unguja na Pemba, na hadi ulipokoma Zanzibar ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 4,000. Kwa hiyo ni kweli kwamba cheche ilitoka nje. Cheche hutoka nje kila siku, kwa boti na kwa ndege, nasi tutaendelea kuwa watu wa bandari. La kujiuliza ni kwa nini ilipata pa kushika. Wavuvi hao hulala ufukweni wiki nzima bila ya choo hata kimoja, katika madiko ambayo ushuru wa samaki hukusanywa kila alfajiri bila ya kukosa. Anayewalaumu aanze kwanza kuuliza ushuru huo umejenga nini.

Ama chanjo, mimi ni muumini wake, lakini kwa kadiri yake. Mapema mwaka 2009 watu 48,178 wa shehia kadhaa za Unguja na Pemba waliandaliwa chanjo ya kunywa, na 23,921 kati yao, yaani nusu, walipata dozi zote mbili. Waliozipata walikingika kwa kiasi cha asilimia 79, na hata jirani zao wasiochanjwa walipata nafuu. Hayo ni matokeo ya kujivunia. Lakini kinga hiyo hupungua kwa miaka, hupungua upesi zaidi kwa watoto wadogo, nusu ya watu hawakuifikia ilipokuwa ya bure na karibu na nyumba zao, na chanjo yenyewe ya wakati ule ilikuwa ni ya kuchanganywa na maji safi kabla ya kunywewa. Chanjo hutupa muhula wa kuchimba mitaro. Muhula huo ukipita bila ya mitaro kuchimbwa, tutakuwa tumelipia chanjo bure.

Nini basi kifanyike? Zanzibar ilijiwekea mpango wa miaka kumi, 2018 hadi 2027, wa kukitokomeza kipindupindu, na karatasini mpango huo unayajua haya ninayoyasema: umetaja maji, vyoo, chanjo, tiba na elimu kwa pamoja. Shaka yangu imo katika mkoba, kwa kuwa fedha bado hugawanywa kwa wizara na si kwa shehia, na kila wizara hupenda kununua kile inachojua kukizindua. Mimi ningeanza na jambo lisilozinduliwa: badala ya kuwaunganisha wateja wapya katika bomba ambalo halijai, mabonde yapewe maji usiku na mchana kwanza, na kila pampu inayoyalisha iwe na umeme wa akiba, wa jua au wa jenereta. Klorini ipimwe si kituoni, bali katika bomba la mwisho la mtaa, ambako inatakiwa isalie angalau miligramu 0.2 kwa lita, na kipimo cha kila wiki kibandikwe mlangoni kwa sheha, watu wakisome na wakitoka msikitini wakizungumze. Juu ya malipo, miaka mingi baada ya Mapinduzi maji hayakuwa yakilipiwa, na mitambo ikachakaa kwa kukosa matengenezo. Wanaotaka kurudi huko wana huruma bila ya hesabu. Lakini na wale wanaotaka kila tone lilipiwe kwa bei moja wana hesabu bila ya huruma, tena hesabu yenyewe ni mbovu, maana fukara anayeshindwa na ankara hurudi kisimani na gharama yake huilipa hospitali. Kiasi cha kwanza cha kila nyumba kiwe cha bei ndogo mno, na mabwawa ya kuogelea yafidie.

Visima vya uani visifukiwe kwa amri kabla bomba halijawa la kuaminika. Vitiwe dawa kwa zamu, na kila kimoja kipewe mfuniko na kamba inayotundikwa. Wauza chakula wajengewe bomba na karo ya kuoshea vyombo pale pale wanapouzia, kodi yao ilipie maji hayo, na wakati wa mlipuko mpishi anayejitaja kuwa anaharisha alipwe posho ya siku atakazokaa nyumbani, ambayo ni ndogo kuliko gharama ya wagonjwa watatu wodini. Juu ya mauzo ya viwanja vya mabondeni sitasema mengi, kwa kuwa wanaoyajua vizuri ni wale wale wanaoyasimamia.

Lililo kubwa kwangu ni karo. Miji iliyoshinda maradhi haya ilishinda kwa kuondoa kinyesi, na ilishinda mtaa kwa mtaa: London mwaka 1866, mitaro mikubwa ya Joseph Bazalgette ikiwa imekwisha kufika sehemu kubwa ya mji, kipindupindu kiliua maelfu katika upande wa mashariki, ambao ulikuwa bado haujaunganishwa na ambao kampuni yake ya maji iliuza maji yasiyochujwa. Sisi hatutakuwa na mitaro ya namna hiyo katika mabonde yetu kwa miaka mingi ijayo, na kuwaambia watu waingoje ni kuwaambia waendelee kutapisha. Basi kunyonya karo kuwe ni huduma ya zamu iliyofidiwa na bajeti ya afya, kama inavyofidiwa chanjo ya watoto, na orodha ya nyumba ikamilike kila mwaka kabla ya Machi, ikianza na shehia ambazo gari halijapata kuziingia kwa wembamba wa vichochoro vyake. Kwa shehia hizo zinunuliwe pampu za mkono na mapipa ya magurudumu ambayo vijana wawili huweza kuyasukuma hadi uani, vijana hao wapewe viatu, glavu na ijara ya kila mwezi, na papatikane mahali pa halali pa kumwaga walichokibeba, maana hivi sasa mwenye gari la kunyonya naye hungoja usiku akatafuta mkondo.